Kubuni papo kwa papo au kujaribu kwa mpango?

Chukua kampuni changa ya vijana wa Lamu inayouza safari za mashua kwenda Shela na Manda. Ina njia mbili za kujifunza kubadilika inavyokua.

Ya kwanza ni kubuni papo kwa papo. Kusi ikichafua bahari na wageni wakipungua, mwenye kampuni anageuza mashua ibebe mizigo, jioni hiyo hiyo. Ni rahisi, na kwa timu ya watu wanne sioni haja ya zaidi. Tatizo ni kwamba ujuzi wote umo kichwani mwake. Akienda Mombasa wiki moja, manahodha hawana la kufanya ila kumpigia simu.

Ya pili ni kujaribu kwa mpango: jaribio dogo, daftari la matokeo, na mtu mwenye mamlaka ya kusema "tuliache hili." M-Pesa ilipitia humo. Majaribio yaliyoanza mwaka 2005 yalilenga watu kulipa mikopo midogo kwa simu. Ikaonekana wateja wanatumiana pesa wenyewe kwa wenyewe, na huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ikajengwa juu ya hilo. Wangalikuwa hawafuatilii matumizi, nani angalijua? Lakini njia hii inakula muda na mishahara (na vikao, Mungu atunusuru).

Mimi ningebaki na ya kwanza mpaka mashua ya tatu inunuliwe. Hapo daftari lianze, na likabidhiwe mtu mwingine, si mwenye kampuni.