Miwani ya jua ya kuvaa pwani: angalia bawaba kwanza

Malalamiko ya wasomaji wa Shangani ya Mtwara, Mikindani na Kilwa Masoko ni yale yale: lenzi nzima, mkono umechomoka. Umbo na rangi kila mtu ana macho yake. UV400, yaani lenzi inayozuia miale ya jua inayodhuru macho, ni lazima, tusilijadili.

Kinachosahaulika ni bawaba. Upepo wa bahari unabeba chumvi, inachanganyika na jasho la kipaji, maji yakikauka chumvi inabaki kwenye mianya. Skrubu ya chuma kilichopakwa nikeli juu juu huanza kuliwa pale bisibisi ilipokwaruza. Ule uchafu wa kijani unaozunguka kichwa cha skrubu na kujificha chini ya vipedi vya pua ni shaba ya fremu inayoliwa. Skrubu ikiganda, mkono unakaza, unaulazimisha, na plastiki inapasuka kwenye mzizi wa bawaba. Hapo gundi ya aina yoyote ni kupoteza hela.

Dukani fungua mikono yote miwili: ikaze sawasawa, na ukiinua miwani mkono usianguke wenyewe. Nenda na kipande cha sumaku ya spika mbovu; skrubu ikinaswa kama msumari, huenda ni chuma cha kushika kutu, rudisha. Bawaba ikiwa ni plastiki hiyo hiyo ya fremu, usiulize hata bei.

Namba moja kwangu ni miwani ya chapa ya Polaroid ya fremu ya plastiki, na upendeleo huu siufichi. Lenzi ya polaraizi inaua mng'ao wa maji, kwa hiyo anayevuka kwenda Msangamkuu saa saba mchana anaona mbele. Chagua yenye skrubu moja tu kila upande. Kuijua lenzi, tazama skrini ya simu kupitia miwani huku ukiizungusha taratibu. Kwenye simu nyingi kuna pembe ambapo skrini inafifia au kuwa nyeusi. Isipobadilika hata ukijaribu simu mbili tatu, umeuziwa kioo cheusi. Usiiache miwani kwenye dashibodi ya gari, joto hubandua tabaka za lenzi.

Ya pili Ray-Ban Wayfarer. Bawaba ya ile ya asili ina vidole saba vinavyoishika skrubu urefu wake wote, ila bei inauma na si kila lenzi yake ni polaraizi. Ya tatu ni Aviator ya chuma: hesabu skrubu za bawaba, za kufunga lenzi na za vipedi, kila moja ni mlango wa chumvi. Hiyo ni miwani ya Newala na Masasi, mbali na bahari.

Za kwenye meza za machinga, vaa harusini.

Halafu wauzaji. Msimu wa korosho ukifunguliwa, fremu ile ile inapanda bei kabla mkulima hajalipwa. Ukiomba skrubu moja unaambiwa ununue fremu mpya, wakati fundi saa wa sokoni ana kikopo kizima cha skrubu za milimita 1.4 na 1.2. Nenda kwake.

Ukitoka baharini suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha. Mara moja kwa mwezi kaza skrubu, weka tone la rangi ya kucha ing'aayo kama maji, isiyo na rangi, juu ya kichwa chake isilegee, likauke. Kisha kwa ncha ya sindano tia mafuta ya cherehani ubavuni mwa bawaba, funga na kufungua mara kadhaa, futa yanayotoka kabla hayajafika kwenye lenzi.