Ziti ya Karen si chakula tu: uzoefu wangu na jioni ya The Sopranos

Nina hasira nayo tangu kabla baridi haijaingia, na leo naitoa.

Kuna mgahawa mmoja wa Kiitaliano huku New Jersey, si mbali na Newark, jina nalihifadhi, ambao hufanya jioni maalumu kwa wapenzi wa The Sopranos, ile tamthilia ya televisheni ya Tony Soprano, bosi wa mafia wa New Jersey, na familia yake. Unajaza fomu kabla ya kwenda: ukikasirika unakula nini, unapenda kula peke yako au na watu, nani hukupikia, kuna chakula gani nyumbani kwako ambacho hakiguswi. Wao wakishaisoma wanaamua wewe ni nani katika familia ile, na ukifika unakuta kiti chako, kadi yako, na baadaye sahani ya mtu wako. Nilifurahi kama mtoto wa siku ya Idi. Tamthilia ile nimeitazama sehemu zote 86, tena zaidi ya mara moja, na siku zote nimesema kwamba anayetaka kuwajua watu wale asisikilize wanachosema, atazame wanachotia mdomoni.

Fomu niliijaza kwa moyo wote. Pale kwenye chakula kisichoguswa niliandika habari ya achari ya embe ya marehemu mama. Nusu chupa, iko kabatini Tanga mpaka leo, mafuta yameganda juu, pilipili zimelala chini, na kifuniko kina kile kitambaa chekundu alichokifunga mwenyewe. Dada yangu huifuta vumbi na kuirudisha. Hakuna aliyewahi kuifungua.

Basi tulipofika nikakuta kadi yangu imeandikwa Bobby. Nilishika mkono wa mume wangu. Nikamwambia, baba, hawa watu wamesoma, wamenielewa.

Kwa asiyejua: Bobby Baccalieri ni mmoja wa watu wa Tony, na mkewe, Karen, alikufa kwa ajali ya gari. Akaacha trei ya ziti aliyoipika mwenyewe, zile tambi fupi za bomba zinazookwa na mchuzi wa nyanya na jibini. Bobby akaiweka kwenye friza. Haili, haitupi. Ndiyo mapishi ya mwisho ya mkono wa mkewe, na ikishaliwa, basi tena, mkono ule umekwisha duniani. Akaja Janice, dada yake Tony, anamtaka mwanamume na anaiona ile trei kama mke mwenza. Alimsukuma wee mpaka ikatoka kwenye barafu ikapashwa. Kuna mauaji mengi katika tamthilia ile, lakini mimi nilichokililia ni trei ya tambi.

Nikageuza kadi. Nyuma wameandika: mnene, mpole, hashibi. Na chini yake picha ya tumbo.

Akaja mhudumu, kijana mcheshi, amebeba ziti yangu, sahani yenyewe kama beseni, anaimba kabisa, "Kwa Bobby mkubwa, ziti kubwa!" Meza ya jirani wakapiga makofi. Nikamwuliza kwa utaratibu kama fomu yangu kuna mtu aliisoma. Akasema mtu akijibu kwamba anakula vizuri, huwa wanampa Bobby. Nikamwambia kijana, hii ni ziti ya Karen. Akaniuliza Karen ni nani.

Karen ni nani! Anaipeleka mezani kila wiki na hajui ni ya nani.

Nikaomba kuonana na msimamizi. Akaja, shati jeupe, simu mkononi, akanisikiliza nusu, kisha akaniambia, "Mama, ni chakula tu." Akaniachia tabasamu akaenda meza nyingine. Mume wangu akaninong'oneza, "Mama watoto, kula kitapoa." Nimekula nikiwa nimebanwa na koo.

Sasa, kama ni chakula tu, ile fomu ya nini? Kwa nini unaniuliza nani hunipikia?

Baada ya hapo nikaanza kuzisoma kadi za wengine, na kila niliyoshika ilinizidishia. Mume wangu walimpa Paulie, na sahani ya tambi nyeusi za wino wa ngisi. Jamani. Paulie, naye mtu wa Tony, alipokwenda Napoli, katika msimu wa pili, aliletewa hizo hizo akazikataa! Akaomba makaroni na mchuzi wa nyanya kama wa nyumbani, wenyeji mezani wakamdharau. Mtu maisha yake yote huku Marekani anajigamba kwa Uitaliano, anafika Italia, chakula cha Italia hakimpandi. Ndiye Paulie mzima huyo, yuko ndani ya sahani moja. Wao wamempa kilekile alichokisukuma.

Shemeji yangu kapata Tony, wakamletea steki, kadi inasema bosi hula kama bosi. Mimi nguruwe sili, lakini hata mimi najua Tony ni yule anayesimama mbele ya friji na joho lake la kuogea, anachambua zile nyama za shingo ya nguruwe zilizokatwa nyembamba, wanazoziita gabagool, kwa vidole, mlango wa friji wazi. Na nyama hiyo si uroho mtupu. Alipokuwa mdogo alimwona baba yake akimkata Satriale, mwenye bucha, kidole kwa panga la buchani kwa sababu ya deni, jioni nyama ya bure ikafika nyumbani, mama yao akafurahi kuliko siku zote, mtoto akaanguka akazimia mezani. Dokta Melfi, daktari wake wa akili, ndiye aliyemfungulia fumbo hilo. Kwa hiyo akifungua friji anajua anakula nini. Steki!

Na Carmela, mke wa Tony, eti ni mtu wa vitu vitamu kwa kuwa ni mama mwenye upendo. Carmela alimpelekea mwanamke wa watu pai ya ricotta yenye nanasi ili amwandikie Meadow, binti wa Carmela, barua ya kuombewa chuo cha Georgetown, na mwanamke yule alielewa vizuri pai ile imetoka nyumba gani. Ilikuwa imebeba kisu chini ya sahani.

Nitasema kweli pia. Nguruwe nilisema sili, na ziti yangu ilikuja haina soseji hata kipande, hilo wamelizingatia. Na ilikuwa tamu. Pembeni imeungua kidogo, imekauka kama ukoko, katikati jibini inavutika. Aliyeipika anajua anachofanya, na ndicho kilichoniuma, kwamba jikoni kuna mtu wa kweli na mlangoni hakuna.

Halafu mwisho. Walileta kikapu kimoja kwa meza nzima, vitunguu vya kukaanga vya mviringo, kama vile vya mgahawa wa Holsten's kule Bloomfield walivyokula Tony na Carmela na mwana wao A.J. usiku wa mwisho wa tamthilia. Hakuna kadi, hakuna kuimba. Kila mtu alichukua kimoja akakiweka mdomoni kizima, kama wao. Tukiwa tunatafuna taa zikazimwa, pap, na muziki ukakatwa katikati ya neno, vilevile tamthilia ilivyoisha. Giza tupu. Sikusikia mtu akipumua. Nilimtafuta mume wangu kwa mkono.

Nilifika nyumbani nikitaka kuwapa nyota moja. Nawapa mbili kwa ajili ya mpishi. Kwa lile giza wangestahili hata nne, naapa, na shemeji anataka turudi mwezi ujao. Labda tutarudi. Lakini nikikumbuka ile sauti, "Mama, ni chakula tu," narudi kwenye moja, na picha ile ya tumbo ikiwa bado iko nyuma ya kadi ya Bobby, sikai kwenye meza yao.