Kilima kimoja, RAV4 tatu na nusu

Chini ya kilima kimoja upande wa Walungu, Kivu Kusini, kuna mikaratusi mitatu, na chini ya mikaratusi hiyo, kuanzia Septemba hadi Mei, hukaa vijana saba au wanane na majembe yao. Kazi yao ni kusukuma gari. Ikitokea gari kwenye kona hawaulizi kitu: wanaisikiliza, wanatazama matairi, halafu mmoja anataja bei. Mimi nauza madaftari na chaki kwa shule za huko juu, mzigo unatoka dukani kwangu Kadutu, mjini Bukavu, na kwa miaka kumi na moja nimepanda kilima hicho na Toyota RAV4 za vizazi vinne: ya 1998, ya 2003, ya 2008, na mara kadhaa ya 2014 ambayo ni ya shemeji yangu (ndiyo maana naihesabu nusu). Nikitaka kujua ipi inashika udongo, sifungui karatasi ya kiwanda. Nakumbuka tu niliwalipa wale vijana mara ngapi.

Ya 1998, mara mbili katika misimu minne. Ya 2003, mwanzoni kwa nadra, mwishoni kila nikipita. Ya 2008, mara nyingi mno kwa gari iliyonila pesa kuliko zile mbili za kwanza zikijumlishwa.

Kabla mtu hajanirukia kuhusu matairi: zote tatu zilivaa saizi moja, 215/70R16, na kwa kila moja nilinunua yale ya mikato mipana ya njia za udongo. Kwenye matairi ya mjini yaliyoisha, hakuna kizazi hata kimoja kitakachofika juu, na vijana watakutoza bei ya lori.

Nianze na ya 1998. Gia za mkono, injini ya lita 2, milango mitano, volani kulia kama nyingi zinazotufikia kutoka Japani kupitia Mombasa au Dar es Salaam. Kwa kuwa Kongo tunapita kulia, dereva wa volani ya kulia anakaa upande wa mtaro. Watu wanalalamika kwamba huoni mbele ukitaka kupita lori, na ni kweli. Lakini milimani mimi niliiona ni baraka: natoa kichwa dirishani na kuona tairi langu liko shubiri ngapi kutoka ukingoni.

Kizazi hicho cha kwanza, kilichotoka 1994, kinavuta kwa miguu yote minne muda wote. Katikati kuna difu inayogawa nguvu nusu mbele, nusu nyuma, na kwenye zile za gia za mkono kuna kitufe cha kuifunga difu hiyo. Difu ikiwa wazi, nguvu inakimbilia kwenye wepesi: mguu mmoja ukiteleza, wenyewe ndio unaozunguka na mingine inatazama. Ukiifunga, mbele na nyuma zinazunguka sawasawa, moja ikiwa kwenye tope tupu na nyingine kwenye jiwe. Ni chuma kimeshika chuma. Hakuna kompyuta ya kuiomba ruhusa.

Udongo wa pale ukilowa unakuwa kama bugali ya mihogo iliyomwagiwa mawese. Nilikuwa nabonyeza kitufe nikiwa bado kwenye mikaratusi, naweka gia ya pili, mguu mbali na ambrayaje (pedali ya klachi), na gari inapanda taratibu ikitikisa mgongo kama mama aliyebeba mtoto. Nyuma yangu maboksi ya madaftari, kilo mia tatu hivi, na huo mzigo nao ulisaidia kuikandamiza miguu ya nyuma. Vijana walikuwa wananipungia mkono kwa huzuni.

Ubaya wake ni kusahau. Jioni moja niliteremka, nikasafisha miguu ya gari kwenye kijito, nikaingia lami hadi mjini na kitufe bado kimefungwa. Kwenye barabara iliyonyooka huhisi kitu. Nilipokata kona kali pale Place de l'Indépendance, volani ikawa nzito, gari ikaanza kurukaruka kama inakanyaga mawe, na nyuma yangu motari mmoja, dereva wa pikipiki, akapiga kelele kwamba nimevunja pua ya gari. Sikuvunja kitu, lakini ningeendelea wiki moja hivyo, ningevunja. Kwenye kona magurudumu ya mbele yanatembea njia ndefu kuliko ya nyuma. Difu iliyofungwa haikubali hilo, na lami haitelezi ili kuisamehe.

Na zile mara mbili nilizolipa? Zote mbili palepale, kwenye korongo dogo ambalo maji hukata njia mshazari. Mguu wa mbele kulia ukaning'inia, wa nyuma kushoto ukaning'inia, na hiyo miwili ikazunguka hewani kwa furaha. Kitufe kinaunganisha mbele na nyuma tu. Kati ya kulia na kushoto hakifungi chochote. Kijana aliingiza jiwe chini ya tairi moja, akasema neno moja, "Twende," nikaenda. Franka elfu mbili kwa jiwe moja.

Niliiuza kwa sababu ya mwili wake, kutu ilikuwa imekula sakafu, si kwa sababu ya kuvuta.

Ya 2003 ilikuwa otomatiki, na ndiyo niliyoipenda zaidi na ndiyo niliyoiua kwa mikono yangu. Hadithi yake naisimulia kwa urefu kwa sababu naona wenzangu hapa Bukavu wanarudia kosa lilelile.

Kizazi cha pili nacho kinavuta kwa miguu minne muda wote na kina difu katikati, lakini yangu haikuwa na kitufe. Badala yake kuna kopo lililofungwa, ndani yake visahani vingi vyembamba vinavyoogelea kwenye mafuta mazito ya silikoni. Mafundi wetu wanaliita viskokupleri. Mbele ikizunguka haraka kuliko nyuma, visahani vinasugua yale mafuta, mafuta yanapata moto na kutanuka, na polepole pande mbili zinavutana. Polepole, hilo ndilo neno. Kwenye kona ya kwanza ya kilima nilikuwa nahisi miguu ya mbele inateleza kidogo, nahesabu moja, mbili, halafu nyuma inaamka na kusukuma kama mtu mzima aliyekatizwa usingizi. Ukilijua hilo huongezi mafuta kwa hasira. Unangoja. Na lami haina shida nalo, hufungi wala hufungui, hata mke wangu aliyekuwa ameikataa ile ya kwanza akaanza kuiendesha sokoni.

Sasa, matairi ya njia za udongo si rahisi, na mawe ya huko yanapasua moja moja. Likipasuka moja nilikuwa nanunua moja, okazi (lililokwisha tumika), saizi ileile ya 215/70R16 imeandikwa ubavuni, natoa pesa, naondoka. Baada ya mwaka na nusu nilikuwa na mawili mbele yaliyoisha na mawili nyuma karibu mapya. Nikaona ni akiba.

Siku moja msimu wa mvua kubwa gari ikakwama kwenye kona ile ya kwanza, pale ilipokuwa inapita bila hata kuhema. Nikamwomba kijana mmoja atazame miguu nikiwa nakanyaga. Akainama, akarudi dirishani: "Papa, ya mbele iko inakimbia. Ya nyuma imelala."

Fundi wangu hakufungua kitu. Alichukua kamba, akaizungusha tairi la mbele, akafunga fundo, kisha akaizungusha la nyuma. Fundo halikufika, ilibaki nafasi ya vidole vitatu. Akaniuliza gari inatembea kilomita ngapi kwa siku. Halafu akanieleza kama anayefundisha mtoto wa shule: tairi dogo linazunguka mara nyingi kuliko kubwa kwa njia ileile, kwa hiyo kila kilomita ya lami kwenda Kavumu na kurudi, mbele na nyuma hazikulingana, na vile visahani vilikuwa vinasuguana kutwa nzima, kwenye jua, bila tope lolote. Mafuta yale yamepikwa hadi yakafa. Kopo halirekebishwi, linabadilishwa, na la okazi ukilinunua hujui nalo liliishi maisha gani. Nililibadilisha mara moja. Lilishika miezi mitano.

Andika saizi ubavuni unavyotaka; kamba haidanganyi. Leo nanunua matairi manne kwa pamoja au sinunui.

Ya 2008 ni kizazi cha tatu, na hapa Toyota walibadili mawazo kabisa. Hakuna tena difu ya katikati. Gari inavuta kwa mbele, na nyuma kuna klachi ya umeme ambayo kompyuta inaibana inapoona haja: unapoondoka, au mguu wa mbele unapoteleza. Kuna kitufe cha LOCK. Ukikibonyeza, mgao unakuwa asilimia 55 mbele na 45 nyuma, hadi kilomita 40 kwa saa. Ukipita hapo kinajizima. Kwa nambari hizo nilidhani nimerudishiwa ile ya 1998 pamoja na kiyoyozi.

Mara ya kwanza ilipanda vizuri hadi kona ya pili. Hapo mbuzi wanne wakakata njia. Nikagusa breki, kugusa tu. Ukikanyaga breki, mfumo unaiachia ile klachi kwa muda ili ABS, ile inayozuia magurudumu yasijifunge ukipiga breki, ifanye kazi yake, na kwenye tope la mteremko huo, muda huo mfupi ndio uliotosha: pua ikaanza kuteleza kwenda mtaroni. Nilipokanyaga mafuta, kifaa kingine kinachozuia utelezi kikaona miguu inazunguka ovyo, kikaikata injini pumzi. Kwa hiyo niko katikati ya kilima, mguu chini kabisa, na injini inanong'ona. Vijana walikuja mbio. Mmoja alikuwa anacheka tangu mbali.

Mara nyingine nilikomaa nayo muda mrefu, nikijaribu mbele na nyuma, mbele na nyuma, hadi taa ikaanza kupepesa kwenye dashibodi. Ile klachi ilikuwa imepata moto na imejiondoa kazini, nimebaki na gari ya kuvuta mbele. Nikakaa dakika ishirini ipoe huku bei ya kusukuma ikipanda kutoka elfu tatu hadi elfu tano, maana waliona sina pa kwenda.

Nilipata dawa, ingawa ni ya aibu: msaidizi wangu anatangulia kwa miguu, anafukuza mbuzi, anasimamisha pikipiki, anapiga mluzi kutoka juu, ndipo napanda moja kwa moja bila kugusa breki. Kwa mtindo huo ilifaulu mara nyingi. Lakini gari ya kutangulizwa na mtu!

Nisiionee. Kwenye lami yenye mvua, ile njia ya uwanja wa ndege na kona zake, ya 2008 inazishinda zote mbili za mwanzo, inatulia, inakunywa mafuta kidogo, na siku malori yalipomwaga dizeli barabarani ndiyo iliyonirudisha kwenye mstari kabla sijajua nimetoka. Mtu asiyepanda milima ya udongo, achukue hiyo, asinisikilize.

Ya shemeji, ya 2014, nayo ina klachi ya umeme na kitufe chenye mpaka uleule wa kilomita 40. Ila kompyuta yake ina akili zaidi, inatazama volani na mguu wako wa mafuta na kupeleka nguvu nyuma mapema badala ya kungoja uteleze. Kwenye lile korongo la mshazari lililonishinda mara mbili na ya 1998, ilifanya jambo ambalo bado nalisimulia dukani: miguu miwili ikaning'inia, ikazunguka, kisha nikasikia trrr, trrr, trrr chini ya miguu yangu. Ilikuwa inaikamata kwa breki ile miguu iliyoko hewani, ili nguvu iende kwa ile iliyogusa ardhi. Ikatoka bila jiwe. Hapo nilivua kofia. Hatua kumi mbele tumbo likakaa juu ya tuta la katikati ya njia, kwa sababu gari yenyewe iko chini na shemeji amevaa matairi ya mjini, na akili yote ile ikawa haina kazi. Shemeji akasema gari yake imeharibiwa na njia ya shemeji yake. Nililipa mimi.

Goma nilipanda boti mara moja kwenda kujaribu ya rafiki, ya 2007, nikiwa natafuta kujua kama tatizo ni gari yangu peke yake. Haikunisaidia. Kule ni mawe ya volkano, yanashika tairi kama msumeno. Hakuna mtu anayekuuliza habari ya kuteleza, wanakuuliza ubavu wa tairi una tabaka ngapi.

Mwezi uliopita nikasikia kuna ya 1997 inauzwa Panzi, gia za mkono, sakafu nzima. Nilikwenda asubuhi na mapema. Mwenyewe alikuwa ameiosha, injini inaunguruma safi, akanizungusha mtaa mzima, akasifu kwamba hii ya kwake inakula mafuta kidogo kuliko zingine zote. Nikaona taa ya difu inawaka kwenye dashibodi. Barabara ilikuwa kavu. Tukakata kona mbili kali na gari haikuruka hata kidogo, jambo ambalo halikuniingia akilini. Tuliporudi getini nikabonyeza kitufe kuifungua, taa ikazima, nikaweka gia ya kwanza na kuachia ambrayaje. Injini ikapiga kelele. Gari haikusogea hata kidole.

Nikashuka, nikalala chini kwenye vumbi nikachungulia. Kardani, ile shafti ya kupeleka nguvu nyuma, haikuwepo.

"Papa," akaniambia akiwa amesimama juu yangu, "hicho kitufe hakiguswaki."