Kibindo cha kitambaa: nimekivaa siku tisa Dubai

Nimerudi juzi kutoka Deira, mtaa wa biashara wa Dubai, kufuata mabaibui na mitandio, na safari hii dola zangu hazikukaa kwenye mkoba wa begani. Nilinunua Kariakoo kibindo cha kuvaa kiunoni ndani ya nguo, shilingi 15,000: mifuko miwili yenye zipu, mpira nyuma.

Kwa kuficha, nakisifu. Dola 4,000 kwa noti za mia ni noti 40 tu. Ukizilaza bapa chini ya dera hakuna anayeona kitu. Ndani ya ndege nililala usingizi, jambo ambalo safari zilizopita sikuliweza. Ila kwenye ukaguzi wa uwanjani niliambiwa nikivue. Nikaomba askari wa kike na faragha, nikapewa. Na jamani, ukibeba dola 10,000 au zaidi ni lazima uzitangaze forodhani unapotoka Tanzania. Kule Dubai kiwango ni zaidi ya dirham 60,000. Kibindo si cha kukwepea hilo.

Kinachoniudhi ni joto. Siku ya pili nilitembea mtaa wa Naif mchana kutwa, na nilipofika duka la kubadilisha fedha, noti zilikuwa zimelowa jasho. Mhudumu alizigeuzageuza, akanirudishia mbili. Tangu hapo nikawa nazitia kwanza kwenye kifuko cha nailoni.

Kosa jingine lilikuwa langu: siku ya kwanza nilikifungulia dukani, mbele ya wateja. Mama mdogo, ambaye amefanya biashara hii miaka mingi, alinivuta pembeni: "Mwanangu, kibindo hufunguliwa chumbani." Basi kila asubuhi nikawa natoa fedha ya siku hiyo tu, naibadilisha, naiweka kwenye pochi ndogo pamoja na sarafu za abra, zile mashua za kuvusha watu, maana kuvuka hori kwenda Bur Dubai ni dirham 1. Kubadilisha kwenyewe hakuna fumbo: dirham imefungwa kwenye dola tangu 1997, dola moja kwa dirham 3.6725, kwa hiyo anayekupa dirham 350 kwa dola mia, mwache uende duka la pili. Mimi niliachana na dirisha la uwanjani kwa sababu hiyo hiyo.

Siku ya saba zipu moja iling'oka, na mpira umelegea. Kitambaa bado kizima. Nimempelekea fundi aweke zipu ya chuma na bitana ya pamba. Shaabani naondoka nacho tena.