eFootball ya simu: kadi mpya kila wiki, kuganda kulekule

Kwa anayecheza Arusha kwa bando la simu, eFootball ni gemu nzuri ya soka iliyozidiwa na mapambo. Konami, kampuni inayoitengeneza, waliitoa kwanza kwenye kompyuta na konsoli Septemba 30, 2021 ikiwa na kasoro za wazi, nyuso zimepinda, mpira hautabiriki. Kisha wakafanya la maana: wakasogeza toleo la 1.0.0 hadi Aprili 2022 ili warekebishe uchezaji kwanza. Huo ndio uamuzi wao bora mpaka leo.

Siku hizi matengenezo ya Alhamisi yanakuja na kadi mpya za wachezaji, zenye namba za uwezo kubwa kuliko za zamani. Kikosi ulichokipandisha kwa jasho kinapitwa, na mchezo wenyewe uko palepale: unabonyeza pasi, mchezaji anachelewa kugeuka, beki ameshafika. Inaudhi sana, hasa dakika ya 90.

Sehemu ya tatizo unaweza kuipunguza mwenyewe. Simu ikipata moto, prosesa hujipunguza kasi, hivyo shusha fremu (picha kwa sekunde) kutoka 60 hadi 30 na ucheze bila kuichaji. Kwenye Wi-Fi, tumia masafa ya 5 GHz ukiwa chumba kimoja na ruta. Ukuta wa tofali huipunguza nguvu haraka, basi ukiwa chumba cha pili rudi 2.4 GHz. Mkigawana hotspoti, hakikisha hakuna simu inayopakua sasisho wakati wa mechi.

Gemu ni bure, ipakue. Sarafu za ndani ya gemu usinunue hadi pasi zianze kutii kidole.