Wijeti ya Voyager au ukurasa wa madishi?

Mie natumia zote mbili hapa Wete. Wijeti inakaa skrini ya mwanzo, ukiwasha simu tu unaona Voyager 1, chombo cha anga cha NASA (shirika la anga la Marekani) kilichorushwa 1977, kiko umbali gani, sasa kilomita kama bilioni 25 huko, na bando haili kwa vile yangu inapiga hesabu humo humo kwenye simu. Kuna miezi namba inapungua, mwenzangu barazani akadhani chombo kinarudi, kumbe dunia ndo inakikimbilia, maana inalizunguka jua kwa kasi kuliko chombo chenyewe lol. Ule ukurasa wa madishi ni DSN Now ya NASA, unakuonesha dishi gani kati ya yale wanayoongelea na vyombo vya anga, la Madrid, Goldstone (Marekani) au Canberra, linaongea nacho saa hii. Tamu wallahi, ila mpaka ufungue brauza, na mtandao ukizorota jioni unabaki kutazama kiduara kinazunguka. Mie wijeti bwana, madishi naangalia nikipata waifai ya watu.