Mbolea ya minyoo ya kina mama wa barabara ya Mazimbu, baada ya masika mbili

Nina matuta sita nyuma ya nyumba, Kihonda, Morogoro: mchicha, nyanya, sukuma wiki, bamia kidogo. Situmii mbolea ya chumvichumvi. Kwa miaka mitatu nilikuwa namwaga samadi ya kuku ikiwa bado mbichi, na tuta naliacha wazi juani. Udongo ukawa mgumu kama sakafu. Unachimba, nyungunyungu humwoni.

Jirani ndiye aliyenipeleka kwa hawa kina mama wanaouza mbolea ya minyoo, yaani mabaki yanayooza yaliyoliwa na minyoo yakatoka kama kinyesi chao. Kiroba cha kilo 25 nilinunua kwa shilingi 15,000. Nilitaka vitano, yule mama mwenye mizani akakataa. "Mwanangu, anza na kimoja. Kiganja kimoja kila shimo la mche, kisha ufunike udongo wako, usiuache uchi." Kwa neno hilo tu nawapa nyota yao ya kwanza.

Mbolea yenyewe ni nzuri. Nyeusi, chembechembe kama majani ya chai yaliyokwisha chujwa, na ukinusa unapata harufu ya ardhi mvua ya kwanza ikigusa vumbi. Ikinuka kama mkojo ujue haijaiva, irudishe. Na usiianike: ikikauka kabisa, bakteria na kuvu wengi unaowalipia wanakufa humo humo kwenye kiroba.

Alichosema yule mama kuhusu kufunika nilikithibitisha kwa makosa. Matuta matano niliyatandaza nyasi kavu na mabua. La sita mtoto wa shule alihamisha nyasi akawapa sungura, nami nikaliacha hivyo. Mbolea ni ile ile, kiganja kile kile. Masika ya pili ilipokwisha nilichimba bonge moja la sepeto kila tuta. Kwenye matandazo nilihesabu nyungunyungu tisa, kumi, na udongo unamomonyoka wenyewe mkononi. Kwenye lile tuta wazi, wawili. Viumbe hao wanataka kivuli, unyevu na kitu cha kula. Mbolea peke yake haiwapi vyote.

Malalamiko ninayo mawili. Kiroba changu cha pili kilikuwa kimelowa na hakikuchekechwa. Nilipokiweka kwenye kitalu, ikaota miche ya nyanya na mipapai nisiyoipanda, maana minyoo hawapandishi joto kama lundo la mboji, kwa hiyo mbegu hupita salama. Nilirudi nacho, wakanibadilishia bila ubishi.

La pili linaniuma zaidi. Kijana wao aliniuzia minyoo wekundu, wale wanaotengeneza mbolea hii, kwa shilingi 10,000, akaniambia niwaachie tutani watalima wenyewe. Baada ya wiki mbili sikumwona hata mmoja. Minyoo wekundu wanaishi kwenye vitu vinavyooza. Udongo mtupu si kwao, huko ni kwa nyungunyungu wetu wa asili, nao huja wenyewe ukiwatandazia nyasi na kupunguza jembe. Ukinunua wekundu, wafuge kwenye ndoo yenye matundu chini, kivulini, uwape maganda ya ndizi na mabaki ya mboga, bila nyama wala ndimu. Mteja anastahili kuambiwa hivyo kabla hajatoa hela.

Mbolea nitaendelea kuinunua. Nenda asubuhi, wakiwa wanachekecha, uchague mwenyewe kutoka kwenye chungio. Mimi nakwenda kuchukua kiroba kingine kwa ajili ya miche ya nyanya kabla vuli haijaanza.